Watoto wa masomo ya Kamina walioimba mpaka Ulaya



Labda neno hili lilisemwa katika nyumba yako. Labda ni wewe mwenyewe uliyelisema siku mtoto aliporudi jioni, amechelewa, vumbi miguuni, akasema alibaki masomoni kwa ajili ya korale au teatre:

«Ile njo nini? Miye nalipa minerval juu mutoto ajue hesabu, bo beko namufundisha kupiga ngoma!»

Tusimcheke mzazi huyu. Shule ya msingi ni ya bure katika nchi yetu tangu 2019, lakini katika sekondari mzazi angali anatafuta minerval, uniforme, kalamu na franga za kila namna. Sisi tunaokaa Kolwezi, Likasi, Kipushi au Lubumbashi tunajua jambo lingine tena. Kijana akichoka na kalasi, haendi mbali: anafuata wenzake kwenye mashimo, anashika chepe na mfuko, na jioni anarudi na franga mkononi. Basi mzazi anapiga hesabu: saa ya ngoma ni saa iliyopotea.

Lakini je, ni kweli? Kabla hujajibu, kaa kidogo, sikia habari ya masomo moja ya Kamina. Si hadithi ya kutungwa. Ni mambo yaliyotendeka.

KAMINA, NJIA PANDA YA RELI

Kamina, leo mji mkubwa wa Provinsi ya Haut-Lomami, ni mji wa treni. Ukitoka Lubumbashi kwa reli unapita Likasi, Tenke na Bukama, halafu unafika Kamina. Pale reli inagawanyika: njia moja inakwenda Kasai mpaka Ilebo, nayo ilifunguliwa 1928, njia nyingine inakwenda Kabalo, na kutoka kule unaweza kufika Kalemie kwenye ziwa. Mji wa namna ile unakusanya watu. Baluba wa Katanga wako kwao. Watu wa Kasai wanashuka na mizigo yao, lugha yao na nyimbo zao. Watoto wao wanakaa kwenye banki moja ya kalasi.

Mwaka 1953 Padri mmoja Mbelji wa shirika la Mtakatifu Fransisko, jina lake Guido Haazen, aliwekwa kuwa mkubwa wa Shule ya Kati ya Kamina. Mompere huyu alizaliwa 1921 na alifariki 2004. Wakati alipofika, korale za misioni ziliimba nyimbo za Ulaya. Mtoto aliambiwa aache ngoma mlangoni, kama vile mtu anavyoacha viatu vyenye matope. Watu wengi walifikiri hivi: ngoma ni ya kijijini, ni ya mambo ya kale, haiwezi kuingia mahali ambapo watu wanasoma na kusali.

Mompere Haazen alisikiliza. Alisikia namna watoto walivyoimba walipokuwa peke yao, nje, bila mkubwa kuwaamuru. Akaona kwamba wanalo jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwafundisha. Kisha akaunda kundi: watoto wanaume kama 45, wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15 wa shule ileile. Waliimba na walipiga ngoma. Kundi lilipewa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule. Tutarudia neno la jina hilo baadaye, kwa sababu lina uzito.

MISA ILIYOTUNGWA NA WENGI

Sasa angalia namna walivyofanya kazi. Kwa kawaida mtunzi anakaa mezani, anaandika noti juu ya karatasi, anawapa waimbaji, nao wanafuata. Kamina haikuwa hivyo. Maneno tu ndiyo yaliyotoka mbali: maneno ya Misa kwa Kilatini, yaleyale ambayo Kanisa lilikuwa likiimba kila mahali. Sauti ilitoka hapahapa. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Mmoja anaongeza, mwingine anageuza. Ngoma inawashika wote wasipotee. Walijaribu, wakaacha, wakarudia, mpaka wimbo ukasimama. Hapakuwa na karatasi ya noti. Noti ziliandikwa baadaye, kwa kusikiliza diski.

Walikwenda kuchota wapi? Katika mambo waliyoyasikia tangu mgongoni mwa mama zao. Kuna namna ya kuimba ambayo Baluba wanaiita kasala: ni maneno ya sifa na ya majonzi, yanayotaja majina ya watu na ya ukoo, na kilio kinasikika ndani yake. Namna hiyo iliingia katika kuomba huruma ya Mungu. Sanctus ilifuata wimbo wa kuagana, ule unaoimbwa wakati mtu anaondoka. Agnus Dei ilitoka kwenye wimbo wa Bena Lulua, watu wa upande wa Luluabourg, ambao leo ni Kananga. Unaona reli imefanya nini? Nyimbo za mbali zilikutana katika kalasi moja.

Tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo pale Kamina, Misa hii iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada. Iliitwa Missa Luba.

Tusisahau mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Mtaguso wa Vatikano wa pili ulikuwa haujaanza. Karatasi yake juu ya liturujia, iliyofungulia lugha na nyimbo za mataifa mlango wa Misa, ilitoka tarehe 4 Desemba 1963. Na Misa ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, ile tunayoijua na hatua zake na shangwe zake, ilikubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988. Watoto wa Kamina walitangulia miaka 5 mbele ya karatasi ile ya Mtaguso, na miaka 30 mbele ya Misa yetu.

Wala hawakuwa peke yao katika Katanga. Katika Elisabethville, leo Lubumbashi, palikuwa na watoto waimbaji wa Croix de Cuivre, na palikuwa na Joseph Kiwele, mzaliwa wa Mpala kwenye ziwa Tanganyika, mpiga kinanda na mtunzi, aliyetunga Misa yake mwenyewe ya Kikatanga. Hata hivyo, Missa Luba ndiyo iliyokwenda mbali zaidi.

MWAKA 1958: WATU WETU NAMNA MBILI

Mwaka uleule wa 1958 kundi la Kamina lilipelekwa Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Waliimba pia pamoja na watoto waimbaji wa Vienna, korale ya watoto yenye sifa duniani kote. Kampuni ya Philips iliweka sauti zao kwenye diski.

Wakati ule Bruxelles ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, kutoka tarehe 17 Aprili mpaka tarehe 19 Oktoba 1958. Troubadours waliimba pale. Lakini katika maonyesho hayohayo Wabelji walijenga «kijiji cha Kongo», nyumba za majani, na ndani yake waliweka Wakongo, watu wazima na watoto, wafanye kazi za mikono huku wageni wakiwatazama kutoka nyuma ya uzio. Wageni wengine waliwacheka, wengine waliwatupia vyakula kama vile mtu anavyotupia nyama wa porini. Wale Wakongo walikataa dharau ile, wakaondoka kabla maonyesho hayajafungwa. Kijiji kikabaki kitupu.

Msomaji, fikiri kidogo. Mji ni mmoja, mwaka ni mmoja. Upande mmoja Mkongo amewekwa aangaliwe. Hakuna anayemuuliza anajua nini. Upande mwingine mtoto wa Kongo anasimama, anafungua kinywa, na ukumbi mzima unanyamaza kumsikiliza. Tofauti ilitoka wapi? Watu walikuwa walewale. Lakini huku mtu alipewa nafasi ya kuonyesha alichojua, kule alinyimwa. Masomo nayo ni hivyohivyo. Kuna kalasi ambamo mtoto amekaa kama aliye nyuma ya uzio: anaangaliwa, anahesabiwa, anapewa pointi, hasikilizwi. Na kuna kalasi ambamo mtoto anaulizwa: «Wewe unajua nini? Tuonyeshe.»

SAUTI ILIYOFIKA KATIKA SHULE YA UINGEREZA

Miaka 10 baadaye, 1968, Mwingereza mmoja, Lindsay Anderson, alitengeneza filamu juu ya shule ya sekondari ya bweni ya wavulana. Shule ile ni ya fimbo na amri. Wakubwa wanapiga wadogo, hakuna anayesikiliza. Jina la filamu ni If.... Ndani yake kuna mwanafunzi mmoja mwenye chumba kidogo, na kila anapokuwa na uchungu anaweka diski ileile: Sanctus ya Missa Luba. Filamu ile ilipata zawadi kubwa kule Cannes mwaka 1969, na Sanctus ikanunuliwa sana Uingereza. Filamu yenyewe inaishia katika risasi na damu, si filamu ya kuwaonyesha watoto wadogo. Lakini jambo moja linashangaza: mtengenezaji alipotafuta sauti ya uhuru kwa mwanafunzi anayesongwa na shule yake, aliipata katika midomo ya wanafunzi wa Kamina.

Wimbo ulirudi pia Afrika. Mwaka 1990 korale ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliimba Missa Luba na kuiweka kwenye diski. Wakenya walijifunza kwa watoto wetu.

JE, WALIPOTEZA WAKATI?

Turudi sasa kwa mzazi wetu wa minerval. Baba, mama, tuangalie pamoja ni masomo gani yaliyokuwa ndani ya ngoma ile.

Kwanza, kumbukumbu. Kilatini ni lugha ngumu, na hakuna mtoto wa Kamina aliyezaliwa akiisema. Lakini Credo nzima, maneno mengi mfululizo, ilikaa kichwani. Juu ya nini? Kwa sababu neno likibebwa na sauti na mwendo wa ngoma, halianguki upesi. Jaribu mwenyewe: mambo uliyojifunza kwa wimbo katika kalasi ya kwanza ungali unayajua leo.

Wazee wa Baluba walilijua jambo hili zamani. Walikuwa na ubao mdogo unaoshikwa mkononi, unaitwa lukasa, maana yake mkono mrefu. Juu yake wamepachika shanga, pamoja na michoro ya kisu. Shanga hii ni mfalme, ile ni mahali, mstari huu ni safari. Watu wa chama cha Mbudye, waliotunza historia ya ufalme, walipitisha kidole juu ya shanga na kusimulia. Lukasa leo ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na wataalamu wanaandika vitabu juu yake. Hatusemi turudie ibada za Mbudye. Tunasema tu: babu zako walijua kwamba mtu hujifunza kwa mkono, kwa jicho na kwa sikio pia, si kwa kunakili ubaoni peke yake.

Pili, hesabu. Mpiga ngoma anagawa wakati: wawili juu ya watatu, watatu juu ya wanne. Akikosea, wote wanasikia mara moja. Hakuna mwalimu wa kusahihisha kesho. Sahihisho ni papo hapo.

Tatu, kufanya kazi pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwimbaji mwenye sauti nzuri, asiyejua kunyamaza ili mwenzake aitikie, anaharibu wimbo. Ninyi mnaofanya kazi katika mashimo, kwenye mashini au katika karakana mnajua: mtu asiyesikiliza mwenzake analeta ajali.

Nne, kujua kwamba una kitu. Bwana wetu Yesu alitoa mfano wa talanta katika Matayo 25. Yule aliyepokea moja akaifukia udongoni hakuiba, hakuua, aliogopa tu. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba mambo ya kwao hayana maana naye anafukia talanta yake. Halafu tunashangaa anapoacha masomo na kwenda kufukua udongo wa wengine.

Hatusemi hesabu na Kifaransa viachwe. Wale walimu 15 hawakuwa watu wa muziki tu, walikuwa walimu wa kalasi; mchana walifundisha kuandika na kuhesabu. Ngoma ilikuwa pamoja na masomo, haikula saa ya masomo. Prefe anayefuta hesabu ili watoto wacheze anakosa. Na prefe anayefunga mlango wa korale, teatre, kuchora na kazi ya mikono anakosa vilevile.

JAMBO LINALOUMA

Sasa tulirudie neno tuliloliacha: majina.

Tazama kundi lile. Jina lake lilikuwa la mfalme wa Ubelgiji. Jina la mompere liko juu ya diski na juu ya noti, na dunia inamwita mtunzi. Jina la Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ileile, aliyeongoza kwa sauti yake, linajulikana kidogo. Na wale watoto 45? Sauti zao zimesikiwa na watu wa mataifa mengi, lakini ni nani anayewataja? Na bado walikuwa wao, pamoja na walimu wao, waliotoa nyimbo ile vifuani mwao.

Hatumlaumu mompere Haazen. Alifungua mlango wakati wengi waliufunga. Lakini kufungua mlango ni jambo moja, kuandika jina la kila aliyepita ni jambo lingine. Aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1958, leo anapita miaka 75. Kama yuko, ni babu. Labda anakaa katika avenue yako, na wajukuu wake hawajui kwamba aliimba katika kundi lile. Kasala, mama wa wimbo ule, ni kutaja majina. Ingekuwa haya sisi wenyewe tusiyataje.

KAZI KWENU, VIJANA

Msingoje mompere mwingine wala pesa kutoka mbali. Mambo haya mnaweza kuanza wiki hii:

1. Chukueni kaye moja ya kalasi. Andikeni humo nyimbo na hadithi za wazee wa mtaa wenu. Kwa kila moja andikeni: ni nani aliyeimba, alizaliwa kijiji gani, wimbo unaimbwa wakati gani (kilio, mavuno, harusi, kubembeleza mtoto), na tarehe mliyousikia.

2. Kama mmoja wenu ana telefone, shikeni sauti ya mzee. Ombeni ruhusa kwanza. Naye asikilize sauti yake mwenyewe mwishoni. Ni haki yake.

3. Mkitunga wimbo au teatre, andikeni chini majina yote: aliyetunga, aliyeimba, aliyepiga ngoma, aliyeshona nguo. Yote, hata ya mdogo wa mwisho.

4. Wekeni siku na saa moja isiyogusa masomo, kwa mfano Jumamosi mchana, na mzazi mmoja awe pamoja nanyi. Hivyo hakuna atakayesema mnazurura.

5. Ninyi wa Kamina, ulizeni wazee: «Nani aliimba na Troubadours?» Mkimpata mmoja, kaeni chini miguuni pake, mwandike.

MAULIZO KWA JAMAA NA KWA KIKUNDI

Baada ya chakula cha jioni, baba au mama asome moja, na kila mtu ajibu, mtoto aanze.

– Wewe unajua nini ambacho hakuna mwalimu aliyekufundisha?

– Katika nyumba yetu, ni wimbo gani utakaopotea bibi akifariki?

– Juu ya nini wengi wetu waliambiwa waache ngoma mlangoni? Na sisi leo, tunawaambia watoto wetu waache nini mlangoni?

– Mtoto wetu anaporudi amechelewa kutoka korale, tumuulize nini kwanza?

Kwa ulizo hili la mwisho, tukuachie shauri moja, mzazi mpenzi. Kabla ya kumwambia neno la minerval, mwambie: «Imba kidogo, tusikie.» Halafu, akimaliza, mwambie alete na kaye ya hesabu.

Mungu abariki jamaa zenu, na masomo ya watoto wenu.